Antimalware Service Executable inapokula prosesa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu Microsoft Defender

Ukurasa huu ni wa mwenye kompyuta ya Windows 10 au 11 ambayo feni inavuma, madirisha yanachelewa kufunguka, na akitazama Task Manager anakuta jina refu la Antimalware Service Executable limekaa juu ya orodha, limeshika asilimia 40, 60, hata 90 ya prosesa. Ushauri unaozunguka kwenye video na makundi ya WhatsApp huwa ni mmoja: zima antivairasi. Mimi siukubali. Karibu kila mara kuna kitu mahususi kinachoichosha Defender, kinaweza kupatikana, na kikipatikana kinarekebishwa bila kuiacha kompyuta wazi.

Antimalware Service Executable ni nini? Ni virusi?

Si virusi. Ndiyo injini ya Microsoft Defender, antivairasi inayokuja na Windows. Jina lake kwenye diski ni MsMpEng.exe. Windows Defender ilitoka mwaka 2006 ikiwa kinga dhidi ya programu za upelelezi tu, na tangu Windows 8 ya mwaka 2012 imekuwa antivairasi kamili. Ndiyo maana maelezo ya zamani kwamba "hiyo haizuii virusi, iondoe" hayana maana tena kwa mashine ya leo.

Nitajuaje kwamba iliyopo kwangu ni halisi?

Fungua Task Manager kwa kubonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, bofya jina hilo kwa kitufe cha kulia cha mausi, kisha chagua "Open file location". Ya kweli hukaa ndani ya C:\ProgramData\Microsoft\Windows Defender\Platform, katika folda yenye namba ya toleo. Kwenye mashine nyingine utaikuta C:\Program Files\Windows Defender.

Usiridhike na kuona saini ya kidijitali ya Microsoft peke yake, yaani alama inayothibitisha nani alitengeneza faili. Julai 2021, kundi la wahalifu wa mtandaoni liitwalo REvil lilipowashambulia wateja wa programu ya Kaseya, lilitumia nakala halisi ya MsMpEng.exe ya zamani, yenye saini halali, likaiweka ndani ya C:\Windows pamoja na faili la uovu liitwalo mpsvc.dll. Programu halali ikalipakia faili lile bila kujua, na mafaili ya watu yakafungwa kwa usimbaji. Kwa hiyo mahali inapokaa ni muhimu kuliko jina. Ukiikuta kwenye Temp, Downloads au moja kwa moja ndani ya C:\Windows, chomoa intaneti na uruke hadi swali la ukaguzi wa nje ya Windows.

Kwa nini inatumia prosesa nyingi hivyo?

Kwa sababu inafanya kazi mbili tofauti, na watu wengi huzichanganya. Ya kwanza ni ulinzi wa papo kwa papo: kila faili linapofunguliwa, kunakiliwa au kuundwa, Defender hulitazama kwanza, kama mlinzi wa getini anayefungua kila mfuko unaoingia. Mifuko ikiwa elfu kumi kwa dakika, foleni haiepukiki. Ya pili ni ukaguzi wa ratiba, ambapo inapita yenyewe kwenye diski kutafuta kilichojificha.

Kuzitofautisha ni rahisi ukitazama wakati. Mzigo ukipanda unapofungua faili la zip, unaposakinisha programu, unaponakili picha kutoka kwenye flashi au unapofungua programu ya mahesabu ya duka, huo ni ulinzi wa papo kwa papo. Ukipanda ukiwa umeiacha mashine dakika kadhaa, halafu ukashuka muda mfupi baada ya kugusa mausi, huo ni ukaguzi wa ratiba. Dawa ya moja haitibu nyingine. Mtu anapunguza kasi ya ukaguzi wa ratiba wakati tatizo lake ni programu moja inayofungua mafaili bila kupumzika, kisha analalamika kwamba amri hazifanyi kazi.

Asilimia ngapi ni kawaida?

Mashine ikiwa imetulia na hakuna ukaguzi, inapaswa kuwa karibu na sifuri. Wakati wa ukaguzi wa ratiba, kiwango kilichowekwa na Microsoft ni asilimia 50. Hicho ni wastani, si dari, kwa hiyo kuona 60 kwa muda si kasoro. Dakika kumi za mzigo baada ya apdeti kubwa ni jambo la kawaida. Saa nzima kila siku si kawaida.

Nianzie wapi?

Anza na apdeti, hata kama inaonekana ni ushauri wa kila mtu. Fungua Windows Security, ingia "Virus & threat protection", kisha "Protection updates", bonyeza "Check for updates". Anayependa amri afungue PowerShell kama msimamizi (andika PowerShell kwenye Start, bofya kwa kitufe cha kulia, chagua "Run as administrator") kisha aandike:

Update-MpSignature

Sababu ya kulisisitiza hili ni kwamba mara nyingine kosa limo ndani ya Defender yenyewe. Mwaka 2018 wahandisi wa Mozilla waliripoti kwamba MsMpEng.exe ilikuwa inakula prosesa kupita kiasi mtu anapotumia Firefox. Suluhisho lilifika mwaka 2023, kupitia apdeti ya kawaida ya injini ya Defender, na kwa vipimo vya Mozilla matumizi ya prosesa ya Defender wakati wa kutumia Firefox yalishuka kwa takriban asilimia 75. Aliyekuwa na injini ya zamani aliendelea kuteseka na tatizo lililokwisha kutatuliwa.

Kwa anayetumia bando la simu: ukiwa umeiwekea Windows alama ya "Metered connection" ili kuokoa data, apdeti nyingi hujizuia. Bonyeza kitufe mwenyewe angalau kila siku mbili tatu. Kama mashine haina intaneti kabisa, Microsoft hutoa kifurushi kamili kiitwacho mpam-fe.exe, kina zaidi ya megabaiti 100, unakipakua mahali penye Wi-Fi, unakibeba kwenye flashi safi, unakiendesha kwenye mashine ile.

Baada ya apdeti, washa upya kompyuta. Chagua Restart, si Shut down, kwa sababu kwenye mashine nyingi Shut down huacha sehemu ya mfumo imelala tu.

Ninawezaje kujua hasa inakagua nini?

Hili ndilo swali ninalotamani liulizwe kabla ya mengine yote. Microsoft imeweka ndani ya Defender kifaa cha kupima, kinachofanya kazi kwenye matoleo ya tangu 2021, na watu wachache sana wanakijua. Fungua PowerShell kama msimamizi, andika:

New-MpPerformanceRecording -RecordTo C:\rekodi.etl

Sasa rudi kwenye kazi zako za kawaida, hasa ile inayoifanya mashine iwe nzito. Fungua programu unayoishuku, nakili mafaili, fanya kama unavyofanya siku zote. Ukishaona uzito umetokea kwa dakika chache, rudi kwenye dirisha la PowerShell, bonyeza Enter. Rekodi itahifadhiwa. Kisha:

Get-MpPerformanceReport -Path C:\rekodi.etl -TopFiles 10 -TopProcesses 10 -TopExtensions 10

Utapata majedwali matatu: mafaili kumi yaliyokula muda mwingi wa ukaguzi, programu kumi zilizosababisha ukaguzi huo, na aina kumi za mafaili. Soma jedwali la programu kwanza. Mara nyingi mhusika ni mmoja na amewaacha wengine mbali.

Ukikuta programu ya mahesabu au ya hospitali, tazama faili lake la hifadhidata kwenye jedwali la kwanza. Ukubwa wa gigabaiti mbili na kuandikwa kila sekunde vinatosha kuelezea kila kitu. Ukikuta programu ya kuhifadhi nakala au ya kusawazisha mafaili mtandaoni, tazama kama inapitia folda ileile tena na tena. Aina ya .zip au .iso ikiongoza, pengine kuna folda la mafaili makubwa yaliyobanwa ambayo programu fulani inayagusa kila mara. Yahamishie kwenye diski ya nje na tatizo limekwisha, bila kubadilisha mpangilio wowote wa usalama. Na ukikuta jina la programu usiyoijua, inayoendeshwa kutoka kwenye AppData au Temp, simama hapo hapo: Defender inaweza kuwa inakuonyesha mgeni ambaye hukumkaribisha.

Nikishajua folda inayosumbua, niiondoe kwenye ukaguzi?

Unaweza, lakini iwe hatua ya mwisho na iwe finyu. Njia ni Windows Security, "Virus & threat protection", "Manage settings", halafu chini kabisa "Exclusions". Chagua folda ya hifadhidata yenyewe, si diski nzima ya D. Afadhali zaidi uwe umesoma maelekezo ya mtengenezaji wa programu hiyo. Wengi huorodhesha folda zinazofaa kurukwa.

Kuna sehemu ambazo hazipaswi kuingizwa humo kamwe: Downloads, Desktop, Temp, folda yako ya mtumiaji, diski C yote, au herufi ya flashi. Huko ndiko virusi hutua kwanza. Vilevile usiondoe aina nzima ya .exe au .docx.

Elewa pia maana ya kuondoa mchakato. Ukiandika jina la programu hapo, Defender huacha kukagua mafaili yanayofunguliwa na programu hiyo. Haiiachi programu yenyewe. Basi ule ushauri maarufu wa kuiingiza MsMpEng.exe kwenye orodha haugusi kiini cha tatizo, maana mafaili yanayoichosha yanafunguliwa na programu nyingine, na hayo yataendelea kukaguliwa kama kawaida.

Ukaguzi unaanza nikiwa katikati ya kazi. Nibadilishe muda wake?

Ndiyo, na hili linasaidia watu wengi. Kazi za matengenezo za Windows zimepangiwa saa nane usiku. Anayefunga laptopu jioni, au anayekatikiwa umeme usiku, hana mashine iliyo hai saa hiyo. Kazi husubiri, zinakuja kuangukia asubuhi wakati umeiacha mashine kidogo ukaenda kunywa chai. Chagua muda ambao mashine huwa imewaka lakini huitumii. Kwa mfano, ukaguzi mfupi wa kila siku saa saba mchana:

Set-MpPreference -ScanScheduleQuickScanTime 13:00:00

Saa inaandikwa kwa mfumo wa saa 24, kwa hiyo saa saba mchana ni 13:00. Ukiandika 07:00 umepanga saa moja asubuhi.

Ukaguzi mfupi hutazama kumbukumbu, programu zinazoanza pamoja na Windows na sehemu ambazo virusi hupenda kujificha. Ulinzi wa papo kwa papo ukiwa umewashwa, huo unatosha kwa ratiba ya kila siku. Ukaguzi wa diski nzima uufanye mwenyewe unaposhuku jambo.

Naweza kuipunguzia kiwango cha prosesa?

Unaweza, kwa ukaguzi wa ratiba:

Set-MpPreference -ScanAvgCPULoadFactor 20

Hapo wastani unashuka kutoka asilimia 50 hadi 20. Usiweke 0 ukidhani unaizuia kabisa. Sifuri maana yake ni kuondoa kikomo, itumie inavyotaka. Namba zinazokubalika ni 5 hadi 100.

Kuna jambo linalowachanganya wengi hapa. Mashine ikiwa imetulia, Defender hupuuza kikomo hicho ili imalize haraka. Kama unataka kikomo kifuatwe hata wakati huo, tuseme laptopu inachemka mno ukiiacha juu ya godoro, ongeza amri hizi mbili:

Set-MpPreference -DisableCpuThrottleOnIdleScans $false

Set-MpPreference -EnableLowCpuPriority $true

Ya pili huupa ukaguzi nafasi ya nyuma, programu zako zipite kwanza. Gharama yake ni muda: ukaguzi uliokuwa wa dakika ishirini unaweza kuvuka saa. Na hakuna hata moja kati ya amri hizi inayogusa ulinzi wa papo kwa papo.

Kwa nini nisiizime tu niishi kwa amani?

Kwanza, haizimiki kirahisi hivyo. Kitufe cha "Real-time protection" hujirudisha chenyewe baada ya muda mfupi. Ile thamani ya DisableAntiSpyware kwenye rejista (hifadhi ya mipangilio ya ndani ya Windows), inayooneshwa na video nyingi, ilianza kupuuzwa na Defender kwenye kompyuta za kawaida mwaka 2020. Tangu 2019 kuna pia Tamper Protection, inayozuia mipangilio kuguswa na programu nyingine. Vijiprogramu vya mtandaoni vinavyoahidi "kuiua Defender kabisa" vinahitaji uvipe ruhusa ya msimamizi na uzime Tamper Protection kwanza. Fikiria ni nani anayefaidika na ombi hilo.

Pili, fikiria kompyuta zetu zinavyotumika. Flashi moja inapita kwa fundi wa picha, stesheneri, shuleni na ofisini ndani ya wiki moja. Manenosiri ya benki na barua pepe yamehifadhiwa kwenye kivinjari. Virusi vya siku hizi mara nyingi havionyeshi dalili yoyote. Vinachukua manenosiri hayo kimya na kuondoka. Mashine itakuwa nyepesi kweli, na hutajua chochote hadi utakapofungiwa nje ya akaunti yako. Sitaki limpate mtu yeyote kwa sababu ya feni inayopiga kelele.

Nikiweka antivairasi nyingine?

Defender hukaa pembeni yenyewe ikiona nyingine imesajiliwa kwenye Windows. Tatizo hutokea pale antivairasi ya majaribio iliyokuja na laptopu imekwisha muda wake, au imeondolewa nusunusu, na mabaki yake bado yanakagua mafaili sambamba na Defender. Tafuta chombo cha kuondolea mabaki kutoka kwa mtengenezaji wake, kiendeshe, washa upya. Chagua moja uifuate. Mbili zinazokagua kwa wakati mmoja hazikulindi mara mbili.

Windows yangu iliwekwa na fundi, sijui kama ina leseni. Inahusiana?

Inaweza kuhusiana sana. Vifaa vya kuamsha Windows au Office bila leseni hutambuliwa na Defender chini ya kundi la HackTool, AutoKMS likiwa jina la kawaida. Kifaa kama hicho mara nyingi huacha kazi kwenye Task Scheduler (kipanga kazi cha Windows) inayojaribu kujirudisha kila mashine inapowaka. Defender inakifuta, kinarudi, inakifuta tena.

Fungua "Protection history" ndani ya Windows Security. Ukiona tukio lilelile limejirudia kila siku, umepata chanzo. Mafundi wengi watakwambia uiingize folda ile kwenye Exclusions. Usifanye hivyo, kwa sababu vifaa hivi husambazwa na watu usiowajua na mara nyingi hubeba kitu cha ziada. Kiondoe, futa kazi yake kwenye Task Scheduler, na utafute leseni halali. Kwa Office, LibreOffice ni ya bure na inafungua hati zilezile.

Kila nikichomeka flashi prosesa inapanda, na mafaili yamegeuka kuwa njia za mkato.

Hivyo ni virusi vya flashi: vinaficha mafaili yako halisi na kuweka njia za mkato badala yake, ukibofya moja unaviendesha mwenyewe. Usibofye. Bofya herufi ya flashi kwa kitufe cha kulia, chagua "Scan with Microsoft Defender". Vikishaondolewa, mafaili yaliyofichwa yarudishe kwa amri hii, ukibadilisha E kwa herufi ya flashi yako:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Kisha ikague kompyuta yenyewe, maana kusafisha flashi na kuacha mashine ni kurudi palepale.

Ukaguzi wa nje ya Windows unafanywaje?

Hifadhi kazi zako zote kwanza. Windows Security, "Virus & threat protection", "Scan options", chagua "Microsoft Defender Offline scan". Mashine itajizima, itawaka katika mazingira madogo kabla ya Windows kupanda, itakagua kwa takriban dakika 15, kisha itarudi. Virusi vinavyojificha Windows ikiwa hai havina nafasi hiyo hapa. Laptopu iwe kwenye chaji.

Laptopu yangu ina RAM ya GB 4 na diski ya zamani. Kuna tumaini?

Lipo. Tazama safu ya Disk kwenye Task Manager kabla ya safu ya CPU. Diski ya sahani zinazozunguka ikiwa imefika asilimia 100, prosesa si mkosaji. Kila kitu kinasubiri diski. SSD (diski isiyo na sahani zinazozunguka) hata ndogo itabadilisha maisha ya mashine hiyo kuliko mpangilio wowote ulioelezwa hapa. Na kama hujawahi kuifungua, mwombe fundi apulize vumbi kwenye feni: prosesa ikipata joto hupunguza kasi yake yenyewe, na ukaguzi uleule mdogo huonekana mkubwa.

Nimebaki Windows 10. Defender bado inanilinda?

Msaada wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Microsoft imesema orodha za virusi za Defender zitaendelea kutolewa kwa Windows 10 hadi angalau Oktoba 2028. Lakini matundu ya mfumo wenyewe hayazibwi tena bila kujiunga na mpango wa apdeti za ziada, na Defender haiwezi kuziba tundu hilo peke yake.

Mimi ni mwandishi wa programu, node_modules inaniua.

Maelfu ya mafaili madogo ndiyo chakula kizito kuliko vyote kwa antivairasi. Kwenye Windows 11 unda Dev Drive: sehemu maalumu ya diski, isiyopungua GB 50, ambapo Defender hukagua faili baada ya kulifungua badala ya kulizuia kwanza. Weka miradi na akiba za vifurushi humo. Ni bora kuliko kuiruka folda nzima, kwa sababu vifurushi vya mtandaoni ni njia ya mashambulizi inayojulikana.

Mipangilio yangu imefungwa, inasema inasimamiwa na msimamizi.

Ikiwa ni kompyuta ya ofisi au chuo, wapelekee watu wa kompyuta ile ripoti ya Get-MpPerformanceReport. Itawaokolea siku nzima ya kubahatisha. Ikiwa ni yako binafsi na hakuna ofisi inayoisimamia, kuna programu iliyobadilisha sera za mfumo. Anza na ukaguzi wa nje ya Windows.

Nimefanya yote, bado iko palepale.

Rekebisha mafaili ya Windows kwa amri hizi, ndani ya PowerShell kama msimamizi, kwa mpangilio huu:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth

sfc /scannow

Ya kwanza inahitaji intaneti na inaweza kuonekana imekwama kwenye asilimia fulani, iache. Ikishindikana, fungua Command Prompt kama msimamizi ndani ya folda ya Windows Defender iliyo C:\Program Files, andika MpCmdRun.exe -GetFiles. Kumbukumbu zote zitakusanywa kwenye faili la MpSupportFiles.cab, ndani ya C:\ProgramData\Microsoft\Windows Defender\Support. Faili hilo, pamoja na ile rekodi ya .etl, ndivyo vitu vya kumpa fundi unayemwamini au msaada wa Microsoft. Usiviweke hadharani kwenye kundi la WhatsApp, kwa sababu vina majina ya mafaili na folda zako.